Chavua Ishuhudiayo Umri wa Mwamba



Mwaka 1971, huko Kipini, Mto Tana unapomwagika baharini, watafutaji wa mafuta walichimba kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana. Lakini mtambo hutoa chini vipande vya mwamba vidogo mfano wa chenga za mchele, na humo mna hesabu ya kale.

Mwamba haukuandikwa tarehe. Umri wake husomwa, chini ya hadubini, kwa mabaki madogo mno: planktoni walioelea baharini, na chavua na spora za mimea zilizochukuliwa na upepo na mito. Mfupa mkubwa husagwa na mtambo. Mabaki haya husalimika kwa udogo wake. Ganda la chavua ni gumu hata asidi iyeyushayo jiwe hailiharibu. Na kwa kuwa kila jamii ilizuka na kutoweka kwa zamu yake, kuiona ni kuzijua zama zake. Aina nyingi za planktoni, kwa mfano, zilitoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria.

Yatuhusuni haya? Watafutaji wakirudi kuomba ardhi ya Garsen, hoja zao zitasimama juu ya matabaka hayo. Ni heri mezani awepo binti yetu aliyesoma jiolojia, awezaye kuihakiki ripoti kabla wazee hawajatia sahihi. Basi tusimwondoe shuleni.