Mwaliko Usiofaa Kupokewa

Wako watu wasemao, ewe msomaji, kwamba elimu haina mpaka, na kwa hiyo daktari au mwanachuoni akialikwa mkutanoni katika nchi yo yote hana budi kwenda, hata kama serikali ya nchi ile inawadhulumu watu. Hutumia na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya ni matamu, nami nayakanusha.

Zingatia habari ya Marekani na mikutano ya kimataifa juu ya Ukimwi. Mwaka 1987 nchi ile iliyatia maambukizo ya virusi vya Ukimwi katika orodha ya maradhi yamzuiayo mgeni kuingia. Mwezi wa Aprili 1989 Mholanzi mmoja, aliyekuwa safarini kwenda kwenye mkutano wa afya mjini San Francisco, alikamatwa katika jimbo la Minnesota kwa kuwa dawa za ugonjwa huo zilionekana mizigoni mwake. Akatiwa kizuizini. Hakuwa mwizi wala mtoro. Alikuwa mgonjwa aliyebeba dawa yake.

Juni 1990 mkutano mkuu wa Ukimwi ulifanywa San Francisco huko huko. Serikali ilikubali kuwapa wagonjwa ruhusa ya siku kumi tu, mfano wa mwenye nyumba amfunguliaye mgeni mlango wa uani huku akimwonya asikawie. Mashirika mengi yalikataa kwenda. Hata hivyo maelfu ya wataalamu walikwenda. Je, mwenyeji alipona? Sheria ilibaki pale pale.

Ndipo waandalizi walipofanya lililowapasa: mkutano wa 1992, uliokuwa umepangiwa Boston, ukahamishiwa Amsterdam. Elimu haikupungua hata chembe. Baadaye mkutano ukazunguka Berlin, Yokohama, Vancouver na Geneva, hata mwaka 2000 ukafika Durban, na Afrika, bara lililoumizwa kuliko yote, likawa mwenyeji kwa mara ya kwanza. Marekani haikuuona mkutano ule kwa miaka 22.

Utaniuliza: nchi ipi isiyo na doa? Tukichagua sana, si tutabaki majumbani mwetu? Mimi sidai nchi ya malaika. Nadai tutazame kama dhuluma yenyewe inaigusa kazi iliyowakusanya wageni. Kujadili Ukimwi mahali ambapo mwenye Ukimwi amefungiwa mlango ni kama kuamua kesi ya mtu baada ya kumtoa nje ya baraza.

Hoja iliyo nzito zaidi ni hii, kwamba wataalamu wa nchi mwenyeji huadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Naikubali huruma iliyomo, lakini siikubali hukumu yake. Mkutano ulipohamia Amsterdam, Wamarekani hawakufukuzwa; walikuwa huru kupanda ndege kama wenzao. Kilichokosekana kwao ni fahari ya kuwa wenyeji, na fahari hiyo serikali yao ndiyo iliyoipoteza.

Wala sitakuficha kwamba mgomo haukuzaa matunda upesi. Mwaka 1993 bunge la Marekani lilizidi kukaza, likaandika katiko hilo katika sheria. Halikuondoka mpaka Januari 2010, wala sisemi kwamba liliondolewa na mgomo peke yake, maana wagonjwa wenyewe na watetezi wao walishindana nalo kwa miaka mingi.

Julai 2012 mkutano ulirudi Marekani, mjini Washington, na wenye virusi wakaingia kwa mlango mmoja na madaktari. Lakini makahaba, ambao ugonjwa huu umewaumiza sana, walikuwa bado wamezuiwa na vifungu vingine vya sheria ya viza. Basi wengi wao wakakusanyika Kolkata, India, siku zizo hizo. Kwa maoni yangu, waandalizi waliharakisha kurudi.