Waliokula kwa Daftari la Bibi Wajitokeze

Duka la bibi ni chumba cha mbele kilichotobolewa dirisha na kutiwa nondo; nyuma yake ndimo anamoishi mwenyewe na wajukuu. Katika mitaa ya bara ya Mombasa, kuanzia Mtongwe na Timbwani huko Likoni hadi Mjambere na Mtopanga upande wa Kisauni, na Chaani kule Changamwe, duka la namna hii ndilo ghala la nyumba zisizo na akiba. Sukari hupimwa robo, unga nusu kilo, mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, nazi moja, sabuni kipande. Mwenye duka huondoka alfajiri kwenda sokoni Kongowea kununua vitunguu na nyanya. Wa Likoni huvuka feri kwanza, kisha hupanda matatu, na hujitahidi awe amerudi kabla watoto wa shule hawajaanza kubisha wakitaka mkate.

Chini ya meza yake kuna daftari. Humo huandikwa jina, kitu na kiasi, kwa sababu kazi za bara hazina uhakika. Kibarua wa bandarini hula meli ikiwapo, na mfanyakazi wa hoteli za Diani na Bamburi huambiwa akae nyumbani watalii wanapopungua, Aprili hadi Juni. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa korona na kafyu kuanza Machi 27, madaftari yalijaa upesi. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ikapita shilingi 200, yakajaa tena. Bibi hakuacha kutoa. Hakutaka mdhamini wala kitambulisho. Alimjua mkopaji, akamjua na mamake, na aliyemzaa mamake. Mgonjwa alipelekewa uji kitandani, na mtoto aliyetumwa bila pesa hakurudi mikono mitupu.

Hivi karibuni mtaa mmoja wa Likoni ulimzika bibi wa aina hiyo. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aende kwa wanawe. Muuzaji wa jumla alikwenda, akalipwa. Tangazo la pili, la kuwaita wale ambao marehemu alikuwa akiwadai, halikutolewa. Nao walikuwepo pale pale, wakitia udongo na kuitikia dua. Daftari lilipofunguliwa, kurasa nyingi zilikuwa na madeni ambayo hayajakatwa. Kabla ya arobaini, duka lilifungwa kwa kukosa mtaji na wajukuu wakarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Baadhi ya wadaiwa walikuwa tayari wameanza kukopa duka la jirani. Waliomsifu marehemu kwa ukarimu wake wakaacha wajukuu wake walale njaa kwa ukarimu huo huo. Hiyo ni dhuluma, na imetendwa na mtaa mzima.

Sababu zinajulikana: ufukara, haya, kusahau, na imani kwamba deni huzikwa na mwenye kudai. Lakini watu hao hao hulipa Fuliza, mkopo wa M-Pesa ambao tangu 2019 hukata pesa zinapoingia tu kwenye simu. Deni lisilo na huruma hutangulizwa, na la bibi, lililotolewa kwa huruma, huachwa mpaka mwenyewe afe.

Dini haikuacha nafasi ya kujificha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaagiza deni liandikwe. Ya 280 inaagiza mwenye dhiki apewe muda. Katika Sahihi ya Bukhari, Mtume hakumsalia maiti aliyekuwa na deni la dinari tatu mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa. Deni ambalo marehemu aliwadai watu ni mali ya mirathi, sawa na nyumba na vyombo vyake. Serikali nayo ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, lakini ni familia gani iliyofiwa itamshitaki jirani kwa unga na sukari? Kwa hiyo jambo hili limo mikononi mwa wakazi wenyewe.

Maimamu, wachungaji na wazee wa mtaa wanaombwa kulitoa tangazo la pili kila anapozikwa mwenye duka, hapo hapo kaburini, kwa sauti ile ile ya tangazo la kwanza. Mdaiwa aende kwa warithi kabla ya arobaini, hata kama mkononi ana shilingi hamsini, alitaje deni lake bila kungoja kutajiwa. Asiyeweza aombe muda au msamaha. Warithi wazima wanaweza kusamehe mafungu yao, lakini fungu la mtoto mdogo hakuna awezaye kulisamehe kwa niaba yake. Vyama vya akina mama na vya bodaboda vichange ili rafu za duka zijae tena, na vijana wa mtaa walilinde. Kwa mabibi walio hai, ukurasa wa deni upigwe picha kila mwezi kwa simu ya mkopaji, na anayepata chochote, kwa Mungu, apunguze leo! Bibi hatadai, ataendelea kupima robo ya sukari na kunyamaza.

Waliohama nao wamo, hata wale waliokwenda kutafuta kazi Saudia au Qatar wakiwa wamelishwa na daftari hilo wakati wa kungojea pasipoti. Pesa zitumwe kwa warithi kwa M-Pesa. Asiyewapata warithi, wala aliye karibu nao, baada ya kuwatafuta kwa dhati, atoe kiasi hicho sadaka kwa niaba ya marehemu.