Siku moja bila kuulizwa leseni: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Walinzi wa Pwani ya Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Tangu kikosi chako kizinduliwe Liwatoni, Mombasa, Novemba 2018, sheria imekitwika mizigo mingi: uvuvi haramu, magendo, dawa za kulevya, uchafuzi wa bahari, na kutafuta na kuokoa watu. Kazi za mwanzo wananchi wanazijua, maana huwafikia kwa sura ya boti inayowasimamisha na askari anayeuliza leseni. Hiyo ya mwisho hawaioni ila siku ya msiba. Ombi langu ni kwamba mfungue sehemu zenu za mafunzo kwa umma siku moja kila mwaka, na siku hiyo itumike kuwafundisha wavuvi na manahodha wa vyombo vidogo namna ya kuokoa. Gwaride na bendi zina siku zake.

Majini, mtu hufikiwa kwanza na jirani mwenye chombo. Serikali huja baadaye. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Tanzania, ikiwa na watu 43, waliowahi walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyoupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka. Watu 24 walipona, 19 wakafa. Sehemu ya pili ya maelezo yake haikuvuma sana, nayo ndiyo inayotuhusu: alipojaribu kuwanusuru marubani, kamba iliyokuwa ikivuta mlango wao ilikatika ikampiga usoni, akazindukia hospitalini. Moyo alikuwa nao. Alimkosa mtu wa kumfundisha mapema asimame wapi kamba inapokazwa. Baadaye Rais Samia aliagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo, jambo jema, ila lilikuja baada ya msiba. Nasi tunao wetu: feri ya Mtongwe, Aprili 29, 1994, watu 272 walikufa karibu kabisa na nchi kavu.

Asubuhi moja inatosha kufundisha mengi. Jaketi la kujiokolea likivaliwa bila kufungwa mikanda, mtu akijitosa majini hupanda hadi masikioni na mwenyewe akaponyoka chini yake. Jambo hilo halieleweki kwa bango la ukutani; mwache kijana ajitose, mwalimu akiwa pembeni, naye hatasahau. Anayezama anyoshewe kasia, au arushiwe dumu tupu lililofungwa kamba, kabla ya kupewa mkono, kwa sababu mkono humvuta mwokoaji naye akazama. Aliyeopolewa hapumui apuliziwe pumzi mara moja. Habari ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke ikome, inapoteza dakika ambazo hana. Wala kuwafungulia umma milango si jambo geni: Uingereza, chama cha uokoaji cha RNLI, kilichoanzishwa 1824 na ambacho mabaharia wake wengi ni wa kujitolea, hukaribisha wageni kwenye vituo vyake kama jambo la kawaida.

Mtaniambia habari za usalama. Ni kweli, nchi inayopakana na Somalia haiachi geti wazi hivi hivi. Lakini hakuna anayeomba kuonyeshwa ghala la silaha. Gati, maboya, kamba na walimu wachache vyatosha, na wageni waandikishwe mapema kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe zao (BMU). Pingamizi gumu zaidi litatoka kwa wavuvi wenyewe: nani ajipeleke kwa miguu yake kwa askari aliyemchukulia nyavu? Hapa hotuba ya ujirani mwema haitasaidia kitu. Itabidi mtoe ahadi ya hadharani kwamba siku hiyo hakuna leseni itakayoulizwa wala chombo kitakachokaguliwa. Wapo watakaosema huko ni kuilegeza sheria. Sheria ina siku nyingine 364 za kufanya kazi yake, na mvuvi anayemjua ofisa kwa sura ndiye atakayempigia simu aonapo chombo cha kutiliwa shaka usiku. Kikosi kinachojulikana kwa kukamata tu hakipati simu hiyo.

Tarehe ipo tayari. Julai 25 ni Siku ya Dunia ya Kuzuia Vifo vya Kuzama, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Kwetu huangukia katikati ya kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo vingi vimepumzika na wenyewe wana nafasi. Anzeni na Liwatoni, kisha mwende Ziwa Victoria. Tangazeni mapema kwenye redio za Pwani na kwenye bandari za samaki, na ile ahadi ya kutouliza leseni iwe mstari wa kwanza wa tangazo, na sahihi yako iwe chini yake.