Konda Kawazidi Wazee wa Kanisa

Jumapili iliyopita nilipanda daladala ya Gongo la Mboto kwenda ibadani. Gari limeshona, mimi nimesimama dede. Pale Banana akapanda bibi mmoja na mkongojo wake. Konda akamgusa begani jamaa aliyekaa: "Mwanangu, mpishe bibi." Jamaa akanyanyuka. Basi. Hakuna aliyeuliza bibi ana shilingi ngapi.

Kumbe bibi tunasali naye. Masikio yake mazito, kwa hiyo hukaa benchi la pili. Siku hiyo kulikuwa na harambee ya jengo. Mzee wa kanisa kaja na suti yake, kamwinamia, kamnong'oneza (sijui alisikia nini), bibi akakusanya khanga yake akaenda kukaa nje kwenye turubai. Benchi ni la mgeni rasmi na msafara wake. Mgeni mwenyewe alifika saa nzima baadaye, benchi likitukodolea macho.

Jamani, hivi sisi tukoje? Tunavyopenda mafunzo ya maisha ya kila siku! Mchungaji akipata pancha, Jumapili tunahubiriwa pancha za kiroho. Luku ikikata, tunaulizwa kama imani yetu ina uniti za kutosha. Sina ugomvi na hilo, Yesu mwenyewe alifundisha kwa chachu na nyavu za samaki. Ugomvi wangu ni huu: mafunzo yote yanamwangukia muumini. Avumilie, atoe, atubu. Sijawahi kusikia hata moja likiielekea kamati ya harambee.

Najua mtaniambia ujenzi unataka hela. Kweli, saruji hainunuliwi kwa maombi. Lakini Waraka wa Yakobo, sura ya 2, mwanzoni kabisa, unazungumzia kitu hicho hicho: tajiri mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame au akae chini. Hapo hatuhitaji hata mfano wa daladala, imeandikwa wazi. Na harambee ile ile ilifunguliwa kwa kusoma habari za mjane na senti zake mbili! Mjane wetu yuko nje kwenye turubai.

Baada ya ibada nikamfuata mzee wa kanisa. "Shikamoo mzee. Kwa nini mlimhamisha bibi?"

"Marahaba. Mwanangu, nyie waandishi mnapenda sana kuchokonoa mambo."

Bibi nilimkuta kituoni, anasubiri gari.