Uchambuzi: Sifa za barabarani na gharama yake, kutoka Gitega hadi Muyinga

Barabara iendayo Muyinga kutoka Gitega kupitia Karusi hupanda na kushuka vilima karibu mwendo wote. Kwenye barabara za milimani kama hiyo huonekana jambo ambalo Warundi wengi wamelizoea: mwendesha baiskeli aliyepakia ndizi au makaa hushika nyuma ya lori ili limvute mlimani, kisha katika mteremko huachia mwendo, huku akitegemea breki zilizochakaa na soli ya kandambili.

Desturi hiyo imezaliwa na umaskini na uchovu. Kusukuma mzigo mzito mlimani huchukua saa nyingi. Lori hulimaliza jambo hilo kwa dakika chache. Lakini lipo jambo jingine lisiloelezwa na umaskini, nalo ni kutafuta sifa. Anayeachia mikono yote miwili, au anayelipita lori kwenye kona, hushangiliwa. Anayeshuka na kuikokota baiskeli yake huitwa mwoga. Hali ni hiyo hiyo kwa baadhi ya vijana wa pikipiki za abiria.

Hesabu, hata hivyo, haijali ushujaa. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mzigo nao huziongezea kazi breki ambazo tayari zimepata moto kwa urefu wa mteremko.

Marubani walijifunza somo hili kwa uchungu. Tarehe 24 Juni 1994, ndege ya kivita aina ya B-52 ilianguka katika kambi ya Fairchild, jimbo la Washington nchini Marekani, ikifanya mazoezi ya maonyesho. Maofisa wanne walifariki. Rubani wake alikuwa mzoefu na alisifiwa kwa ustadi. Ilibainika baadaye kwamba alikwisha kuvunja kanuni mara kadhaa, wakubwa wake wakijua, bila kuzuiwa ipasavyo. Kisa hicho hutumiwa hadi leo katika mafunzo ya usalama wa anga, kwa sababu ajali ile ilianza siku ya kwanza watu walipoona wakanyamaza.

Mwezi Machi 2022, serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, ikitaja ajali miongoni mwa sababu. Gitega na Muyinga hatua kama hiyo ingekuwa nzito zaidi, kwani kwa familia nyingi za vijijini baiskeli na pikipiki ndizo njia ya kufika sokoni na hospitalini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya jukumu iko kwa wanaotazama. Dereva wa lori anayemwona kijana kwenye kioo anaweza kusimama kabla ya mteremko. Abiria ana haki ya kusema "punguza mwendo", na asiposikilizwa, kushuka. Vyama vya waendesha pikipiki vinaweza kumsimamisha mwanachama kabla hajaua, badala ya kuchanga pesa za mazishi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika vilima vya Karusi ukingo huo si wa mafumbo: chini yake kuna bonde, na nyumbani kuna watoto wanaomngoja baba yao.