Mlinda Mlango wa Wote

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wazee wetu. Leo napenda kuwauliza wasomaji: Mahmoud Abbas tumemtunza kwa kitu gani?

Kwa vijana wasioijua habari yake, mwana wa pwani huyu alilinda lango la AFC Leopards na la Harambee Stars. Miaka ile Kenya ilitwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo: 1981 Dar es Salaam, kwa kuifunga Tanzania 1-0, 1982 Kampala, kwa kuishinda Uganda kwa penalti 5-3 baada ya sare ya 1-1, na 1983 nyumbani Nairobi, kwa kuifunga Zimbabwe 1-0. Sifa yake kubwa ilikuwa kudaka penalti, na watu wakamwita "Kenya One".

Jina hilo si dogo. Sisi Waislamu wa pwani hulalamika, tena kwa haki, kwamba twaulizwa asili zetu kana kwamba tu wageni. Naye Mahmoud nchi nzima ilimpa jina la nchi, na nambari ya kwanza juu yake. Hakuliomba, alilipata kwa mikono yake.

Mwaka 1982 nilikuwa mtoto wa chuoni hapa Garsen. Gari zikivuka Mto Tana kwa kivuko, na redio yetu ilikuwa moja, barazani kwa mwenye duka. Alasiri ile ya Kampala alikaa hapo Mpokomo aliyetoka shambani, na kando yake Muorma aliyeacha ng'ombe wake mtoni. Mikwaju ilipoanza hakuna aliyekohoa. Maalim akatujia na bakora, maana tulikuwa tumetoroka darasa. Alipofika akasimama, akauliza polepole, "Ngapi ngapi?" Bakora tuliipata kesho yake.

Miaka 30 baadaye, 2012, delta hii hii ya Tana ilimwagika damu. Wapokomo na Waorma waliuana kwa ugomvi wa mashamba, malisho na maji, na waliokufa walipita 100. Sisemi kwamba kandanda ingaliyazuia hayo. Maji na ardhi havigawanywi kwa kipenga. Nasema tu kwamba kijana anayecheza mbele ya lango lililolindwa na mwana wa jirani hujifunza jambo ambalo hotuba haliwezi kumfunza: nyuma yangu yupo mtu asiye wa kabila langu, naye ananilinda.

Basi tukitaka kumtunza Mahmoud, hatuhitaji sanamu. Wakubwa wa kaunti na watupe Garsen uwanja ulio sawa, wenye nyavu, na timu zenye watoto wa mkulima na wa mfugaji pamoja. Nanyi maalimu wetu, wakishasali alasiri waacheni wakacheze. Bakora ya kesho ipo.