Msituambie Simu ni Chombo Tu

Kila ninapokaa kwenye kikao cha kanisa kinachojadili uinjilisti wa mtandaoni, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba simu ni chombo tu. Ni kama kisu, anasema: mpishi hukatia nyama, jambazi humchomea mtu. Ujumbe ni uleule, kinachobadilika ni chombo. Wajumbe wanatikisa vichwa kukubali, bajeti ya kamera na taa inapita, kikao kinafungwa kwa sala. Na mimi nimetikisa kichwa hivyo kwa miaka mingi. Leo nasema wazi kwamba maneno hayo si kweli, na yanatuumizia watu.

Kisu hakimchagulii mpishi nyama ya kukata. Simu inachagua. Nyuma ya kile kioo kuna mtambo wa kampuni zinazoishi kwa matangazo, na kazi yake ni kumshika mtazamaji asiondoke. YouTube haimgawii mwenye video ndefu mapato ya matangazo mpaka awe na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mtambo huo haujui Injili ni nini. Unajua nani amekaa akatazama, na nani amepitisha kidole akaenda zake.

Sasa mfikirie mchungaji wa kawaida, mtu mwema. Jumapili hii anahubiri juu ya kulipa madeni na kutomdhulumu msichana wa kazi mshahara wake. Klipu inatazamwa na watu mia mbili, wengi wao wa usharikani kwake. Jumapili inayofuata anakemea pepo, mtu anaanguka na kupiga mayowe, na kufikia Jumatatu wametazama maelfu. Hakuna aliyemwamuru abadilishe mahubiri. Lakini Jumamosi usiku, akiwa amekaa na Biblia yake kuandaa neno, ile hesabu anaikumbuka. Ndipo chombo kinapomgeuza mhubiri, hata kabla hakijamfikia msikilizaji hata mmoja.

Mtambo uleule uliwabeba na wengine. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge kula hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo alikuwa na televisheni na YouTube. Alitangaza kufunga kanisa lake mwaka 2019, ila mahubiri yake yaliendelea kupatikana mtandaoni kwa yeyote mwenye bando.

Wanaosema chombo hakibadilishi kitu wameisahau historia ya kanisa letu wenyewe. Enzi za Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, kule Zanzibar, vijana waliokombolewa utumwani ndio waliopanga herufi kwenye matbaa ya misheni, na baada yake, mwaka 1888, shule ya misheni ya Kiungani ikatoa gazeti la Msimulizi. Kitabu kilimdai mtu: akae chini, awe na mwalimu, asome silabi kwa silabi, arudi kesho. Kule Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Chombo kiliwapa mpaka jina. Baadaye ikaja redio. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianza kurusha Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikitayarishwa Moshi. Redio zilikuwa chache, nyumba nyingi. Majirani walikuja na vigoda vyao, wakasikiliza pamoja, na kipindi kikiisha bado walikuwa wamekaa wanazungumza. Kitabu kilitufanya wasomaji, redio ikatufanya wasikilizaji. Simu inatufanya watazamaji, na mtazamaji ndiye anayedaiwa kidogo kuliko wote.

Lugha yetu yenyewe ingetushtua kama tungeisikiliza. Zamani kusema mchungaji fulani ana wafuasi wake ilikuwa shutuma; maana yake amelichana kanisa. Wafuasi walikuwa wa Kristo. Leo neno hilo limekaa chini ya picha ya mchungaji, na tarakimu mbele yake, na tunampongeza zinapoongezeka.

Nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka jana, katika mkutano wa Injili wa nje ambao mimi mwenyewe nilisaidia kuuandaa, binti wa kidato cha pili aliletwa mbele kuombewa. Alianguka. Aligaagaa kwenye vumbi, sketi ikapanda, akatoa maneno ambayo hakuna mtoto angependa yasikike na wenzake. Mama mmoja alimfunika kwa kanga. Kijana wa kamera akazunguka upande wa pili, pasipo kanga. Jioni ile ile video ikapandishwa, uso wazi, jina la shule likisomeka kwenye sweta. Kichwa cha video kilisema Mungu ametenda makuu. Ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ikafika shuleni kwake. Aliitwa majina. Alihamishwa shule kabla muhula haujaisha, na mama yake hajakanyaga kanisani tangu hapo.

Nilipolalamika niliambiwa nisizuie ushuhuda. Watu wangapi wameokoka kwa video ile, nikaulizwa. Nami nauliza: ni nani alimwomba ruhusa?

Tuna kisa cha binti mwingine kwenye Injili ya Marko, binti wa Yairo, mwenye miaka 12. Umati ulikuwa nyumbani na kilio cha maombolezo kimeshaanza. Hadhira ilikuwa tayari, kubwa, yenye hamu. Yesu aliwatoa nje wote. Akaingia na baba, mama na wanafunzi watatu tu, akamshika mtoto mkono, akamwinua, akaagiza apewe chakula. Na akawakataza vikali wasilitangaze jambo hilo. Muujiza mkubwa kuliko wowote tunaodai kuuona kwenye viwanja vyetu, na mwenye kuufanya alifunga mlango. Wale wanaotukumbusha agizo la kuhubiri juu ya dari wasome na ukurasa huo. Kinachotangazwa juu ya dari ni habari ya Kristo. Aibu ya mtoto wa mtu haimo.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa habari za mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, na za dada zetu kutoka Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani Saudi Arabia, ambako hakuna kanisa la kuingia Jumapili. Hoja hii naiheshimu, na siijibu kwa haraka. Kwa dada yule, simu ndiyo kanisa. Akifungwa ndani ya nyumba ya mwajiri, sala ya dakika kumi jikoni, sauti ikiwa chini, inaweza kuwa ndicho kitu pekee kinachomfanya aione kesho. Asije mtu akamnyang'anya.

Lakini mwulizeni ni nini kwenye simu hiyo kinachomshikilia. Jirani yangu alikaa huko miaka minne. Hakunitajia mhubiri yeyote maarufu. Alinitajia wanawake sita wa kikundi cha maombi cha kijijini kwao, waliokuwa wakimpigia kila Ijumaa kwa zamu, wanaojua jina la mwanawe na deni aliloliacha kwa wakala. Siku alipokaa kimya wiki mbili, wao ndio waliokwenda kwa mjomba wake kupiga kelele. Simu ilifanya kazi kwa sababu upande wa pili alikuwapo mtu anayemjua. Kwenye video ya watazamaji laki moja angenyamaza wiki mbili, na hesabu ingepungua kwa mmoja.

Filipo alikuwa na umati Samaria, mambo yakimwendea vizuri, alipotumwa kwenye barabara ya jangwani kwa ajili ya Mwethiopia mmoja. Mtu yule alikuwa na chombo tayari: kitabu cha Isaya mikononi, anasoma kwa sauti, haelewi. Filipo hakumwongezea kitabu kingine. Alipanda garini akakaa naye. Na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda, Kenya na Tanganyika, ulitembea hivyo: watu wawili watatu kwa miguu na kwa baiskeli, wakilala nyumba za watu, wakiungama dhambi zao wenyewe kabla ya kutaja za mwenyeji.

Tukumbuke pia kilichoipata Sauti ya Injili. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliichukua ile stesheni, na mitambo iliyogharimu mamilioni ikawa si ya kanisa tena. Moshi walibaki na watu wao, wakaendelea. Sisi leo tunajenga kwenye kiwanja cha kampuni za California, kwa masharti wanayoweza kuyabadilisha usiku tukiwa tumelala, na kwenye vikao vyetu tunaita hilo upanuzi wa kanisa.

Kwa hiyo kabla ya kupitisha bajeti nyingine ya kamera, naomba usharika wowote utakaosoma haya uamue mambo mawili. Asirekodiwe mtu anayeombewa, mtoto kabisa, na mtu mzima mpaka akubali akiwa ametulia, siku nyingine. Na taarifa ya uinjilisti inayosomwa kwenye mkutano mkuu iache kutaja idadi ya waliotazama. Iseme ni nani ametembelewa nyumbani na ametembelewa na nani.

Video ya yule binti bado ipo. Nimeandika barua mbili kuomba iondolewe, moja kwa waandaaji wenzangu, moja kwa kijana mwenye kamera. Wiki hii nimeifungua tena kuona kama imefutwa. Waliotazama wameongezeka, na chini yake wameandika amina.